Mama aliyechora hofu ya kila mzazi

Dar es Salaam. Mwaka 1903, ndani ya nyumba ya kupanga mjini Berlin, Ujerumani, mama mmoja alikaa mbele ya kioo akiwa amempakata mwanawe wa miaka saba. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ulikuwa unachora. Mtoto alijilegeza mwili wote, kichwa kimeanguka nyuma, kama mtu aliyekata roho.

Mtoto wa miaka saba si mchanga. Kumshikilia muda mrefu huku unachora ni kazi, na mama akajikuta anaguna kwa uchovu. Mtoto ndiye aliyemtuliza. Alimwambia anyamaze tu, picha itakuwa nzuri.

Mama huyo ni Käthe Kollwitz (jina la kwanza linatamkwa Kete), mmoja wa wasanii wa chapa wanaoheshimika zaidi duniani. Mtoto ni Peter, kitinda mimba wake. Picha iliyotoka siku hizo inaitwa Mwanamke na Mtoto Aliyekufa. Inamwonyesha mama asiye na nguo, amekunja miguu, ameuzungushia mwili wake wote kwa mtoto, na uso wake umezama kifuani mwake kana kwamba anataka kumrudisha tumboni. Rafiki yake wa karibu alipoiona kwenye maonesho alishtuka, akajiuliza kama Peter amepatwa na jambo.

Peter hakuwa amepatwa na jambo. Alikuwa mzima, anacheza. Alikufa miaka 11 baadaye.

Mara ya kwanza niliiona picha hiyo kwenye simu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki moja namsubiri daktari kwa mahojiano (sisi tunaoandika habari za afya tunasubiri zaidi ya tunavyoandika). Mbele yangu alikaa mama mwenye mtoto anayechemka homa. Alikuwa ameweka shavu lake kwenye paji la uso wa mwanawe, amefumba macho. Nikatazama simu, nikamtazama yeye. Mkao ulikuwa ule ule. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu mama huyu wa Berlin, na ninaamini wazazi wanaosoma ukurasa huu wana sababu ya kumjua.

Bamia, bati na jiwe

Huenda mwanao amewahi kurudi na shati la shule limejaa rangi kwa sababu mwalimu aliwaambia waje na bamia. Bamia hukatwa, huchovywa kwenye rangi, hugandamizwa kwenye karatasi, na ua dogo linatokea. Ukigandamiza tena linatokea jingine. Hiyo ndiyo sanaa ya chapa: unatengeneza umbo mara moja, unalichapa mara nyingi. Muhuri wa ofisi ya mtendaji ni ndugu yake.

Käthe alitumia njia tatu. Ya kwanza ni bati la shaba. Bati hupakwa utando kama wa nta, msanii huchora juu yake kwa sindano, kisha huliingiza kwenye asidi. Asidi hula pale tu sindano ilipopita. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, uso wa bati hufutwa, halafu karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake na kupitishwa kwenye mashine ya kugandamiza. Ndivyo ilivyotengenezwa ile picha ya Peter. Ya pili ni jiwe. Msanii huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa, kisha jiwe hulowanishwa. Kila anayepika anajua kuwa maji na mafuta havipatani: wino nao una mafuta, kwa hiyo hushika penye mchoro tu na kukataa penye maji. Ya tatu ni mbao. Hiyo tutaifikia, maana yeye mwenyewe hakuigusa hadi alipovuka miaka 50.

Alianza kwa kusomea uchoraji wa rangi, Berlin na kisha Munich, kwenye shule za wanawake, kwa sababu vyuo vikuu vya sanaa vya wakati huo havikuwapokea wasichana. Lakini mwalimu wake mmoja alimwelekeza kwa kazi za Max Klinger, msanii wa chapa aliyeandika kwamba rangi zinafaa kuusifu uzuri wa dunia, ila upande wa giza wa maisha unadai mistari nyeusi. Binti akajua mahali pake.

Kulikuwa na sababu nyingine. Picha ya rangi huwa moja, na tajiri mmoja huinunua na kuondoka nayo. Chapa hutoka nyingi na kwa bei nafuu, na Käthe alitaka kazi zake ziwafikie watu wengi. Fundi naye angeweza kuwa nayo ukutani.

Benchi la Dk Karl

Mwaka 1891 Käthe aliolewa na Dk Karl Kollwitz, wakahamia Prenzlauer Berg, eneo la wafanyakazi mjini Berlin. Karl alikuwa daktari wa mfuko wa bima ya ugonjwa wa mafundi cherehani. Ujerumani ilikuwa imepitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Sisi sheria ya bima ya afya kwa wote tumeipitisha mwaka 2023, basi tusiwacheke wala tusiwaonee wivu sana, maana utaona hali za wagonjwa wa Karl zilivyokuwa.

Chumba cha kutibia kilikuwa kwenye jengo lile lile waliloishi. Käthe aliishi hapo zaidi ya miaka 50. Maana yake kila siku ngazi zao zilipandwa na wanawake wenye mimba ya sita, wenye kikohozi kisichoisha, wenye waume walevi au wasio na kazi, wenye watoto waliokonda. Wakimaliza kwa daktari, wengine walipita kwa mkewe kuzungumza. Käthe alisikiliza.

Kuna jambo moja alilokiri ambalo limenifanya nimwamini zaidi. Alisema mwanzoni hakuwachora wafanyakazi kwa huruma. Aliwachora kwa sababu aliwaona wazuri: mabega yao, mikono, namna wanavyobeba vitu. Watu wa tabaka lake, wenye makochi na mapazia, hawakumvutia. Ni baadaye, kwa kukaa na wanawake wale wa benchi la mumewe, ndipo uzito wa maisha yao ulipomwingia na kukataa kutoka. Sisi waandishi wa afya huwa tunajidai kuwa tuliingia kwenye kazi hii kwa ajili ya wanyonge. Pengine tungesema ukweli kama yeye.

Kwa jarida moja la Ujerumani alichora michoro kadhaa iliyoitwa Picha za Taabu, kati ya mwaka 1908 na 1911. Mmoja unamwonyesha mwanamke mjamzito akibisha mlango wa daktari, kichwa ameinamisha. Hakuna kingine kwenye mchoro huo. Ni mlango na tumbo na mkono ulioinuliwa, na unajua kila kitu.

Kazi iliyomtoa ilianza na tamthilia. Mwaka 1893 aliangalia mchezo wa Gerhart Hauptmann kuhusu wafumaji wa Silesia walioasi mwaka 1844 kwa sababu ya ujira usiotosha kununua chakula. Aliacha kila alichokuwa akifanya, akaingia kwenye kazi ya picha sita iliyomchukua hadi 1897. Ndani ya muda huo huo alikuwa analea: Hans alizaliwa 1892, Peter 1896. Ukitazama picha ya kwanza ya mfululizo huo, hauoni uasi wala mawe wala askari. Unaona chumba cheusi, kitanda kwenye mwanga, mtoto mdogo anayekufa, na mama aliyejishika kichwa kwa mikono miwili. Vita vyote vya wafumaji, kwa Käthe, vilianzia kwenye kitanda cha mtoto.

Baba yake ndiye aliyekuwa amemlipia masomo tangu utotoni, na alipoolewa alikuwa na wasiwasi. Alimwambia amechagua ndoa, na hataweza kuchanganya ndoa na sanaa. Picha za wafumaji zilipokamilika, Käthe alimwekea mezani siku alipotimiza miaka 70. Mzee alizunguka nyumba nzima akimwita mkewe aje aone alichofanya binti yao. Alifariki kabla picha hazijaonyeshwa hadharani. Mwaka 1898 kamati ya maonesho makubwa ya Berlin ilipendekeza Käthe apewe medali ya dhahabu. Mfalme Wilhelm II akakataa.

Bakuli la supu

Lakini mbona kitanda cha mtoto? Jibu liko nyuma zaidi, Königsberg, mji alikozaliwa mwaka 1867 na ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi.

Alikuwa na mdogo wake, Benjamin, aliyefariki akiwa na mwaka mmoja kwa homa ya uti wa mgongo. Käthe alikumbuka, hadi uzeeni, mama yake akiwa amesimama mezani anawagawia supu. Mlango ukafunguliwa ghafla, muuguzi akapiga kelele kwamba mtoto anatapika tena. Mama akakakamaa. Kisha akaendelea kugawa supu. Hakutaka kulia mbele ya watoto. Binti aliona jinsi mkono ulivyosita, akaelewa kila kitu bila kuambiwa, na tangu hapo akawa mtoto wa wasiwasi, wa ndoto mbaya usiku, anayehofia muda wote kwamba mama yake atapatwa na kitu.

Kuna tukio jingine alilosimulia. Alikuwa sakafuni anacheza na matofali ya mbao. Alikuwa amesoma hadithi za miungu ya Wagiriki na Warumi, akajenga hekalu na kumtolea sadaka Venus. Wazazi wakaingia kumwambia Benjamin amefariki. Kichwani mwa mtoto hesabu ilikuwa fupi: Mungu ameniadhibu kwa kuabudu mungu mwingine. Nimemuua mdogo wangu. Hakumwambia mtu.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ni jambo linaloangukia kwenye kazi yangu. Watoto wadogo huamini kwamba wazo baya au kosa dogo linaweza kuleta msiba. Wanaoshughulika na afya ya akili ya watoto wanalijua hili vizuri. Mtoto asipoambiwa sababu ya kifo, hutafuta sababu yeye mwenyewe, na iliyo karibu zaidi ni yeye.

Nalijua pia kwa njia nyingine. Mdogo wangu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Niliambiwa amekwenda kwa bibi. Wiki ile ile nilikuwa nimemnyang'anya kikombe chake cha plastiki, akalia sana. Kwa miaka mingi nilijua kabisa kwamba ameondoka kwa sababu ya kikombe. Mara ya kwanza kumwambia mtu nilikuwa chuo, mwaka wa pili. Siwalaumu wazazi wangu. Walikuwa wanagawa supu.

Tofauti ya Käthe ni kwamba alipokua alikataa kuficha mkono unaosita. Aliurudia tena na tena. Ukihesabu chapa zake, ambazo ni zaidi ya 270, mama na mtoto na kifo wanatokea katika kila kipindi cha maisha yake. Hans naye, alipokuwa kijana, aliugua dondakoo vibaya hadi wakakesha wakihofia hataamka. Chanjo ya dondakoo haikuwepo bado. (Leo iko ndani ya ile sindano ya pentavalenti anayochomwa mwanao akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Kama kadi ina pengo, nenda kliniki.) Hans alipona, na baadaye akawa daktari kama baba yake.

Kama ng'ombe malishoni

Wasomaji wa kike watauliza, na wana haki: alipata wapi muda? Jibu la kwanza ni kwamba alikuwa na msaidizi wa nyumbani. Wanaoandika kuhusu wasanii wakubwa huwa wanaliruka hili, na mimi sitaliruka. Kuna dada aliyepika na kufua, na bila yeye nadhani tusingekuwa na picha nyingi hivyo. La pili ni Karl. Alimwahidi wangeishi kwa namna ambayo angeendelea na kazi yake, na kwa sehemu kubwa alitimiza.

La tatu linashangaza. Mwaka 1910 watoto walikuwa wakubwa, muda ulikuwa tele, nyumba kimya. Käthe aliandika kwenye shajara yake kwamba sasa anafanya kazi kama ng'ombe anavyokula majani. Mikono inakwenda tu. Zamani, alisema, alipokuwa na vijisaa vya kuiba kati ya mtoto na mtoto, alikuwa anazalisha zaidi, kwa sababu aliishi kama binadamu, akivutwa na kila kitu. Sitaki kumpamba mama aliyechoka. Kuna mama anasoma hapa saa tano usiku huku mtoto ananyonya, na akisikia kwamba uchovu una faida atatupa simu. Nasema tu alivyoandika.

Wala hakuwa mtu wa kupata wazo na kulimaliza siku hiyo hiyo. Alichora umbo moja mara kumi, akabadilisha mkono, akalitupa bati, akaanza kwenye jiwe. Picha za wafumaji alianza kuzichora kwenye bati, ufundi ukamshinda, tatu kati ya sita akazihamishia kwenye jiwe. Shajara yake imejaa miezi aliyokuwa mkavu kabisa, hana hamu, anaona kila alichofanya ni takataka. Kisha unageuza ukurasa na kazi imerudi.

Na alijichora mwenyewe, takriban mara 100, tangu ujana hadi uzee. Uso wake haukumdai malipo na ulikuwepo hata usiku. Ukizipanga picha hizo kwa mfululizo unaona mama anazeeka mbele ya macho yako bila kujionea aibu.

Ruhusa

Agosti 1914 Ujerumani iliingia vitani. Vijana walijitokeza kwa nyimbo. Peter alikuwa na miaka 18, chini ya umri wa kujiamulia, hivyo alihitaji ruhusa ya baba ili ajitolee. Karl alikataa. Peter akamtazama mama yake. Käthe akasimama, akamwomba mumewe amruhusu.

Karl akaruhusu. Peter aliuawa Ubelgiji, Oktoba 22, 1914.

Sijui namna ya kuandika sentensi inayofuata, basi nitaeleza tu alichofanya. Alikitunza chumba cha Peter kama kilivyokuwa. Alikaa humo. Aliweka maua. Alianza kutengeneza sanamu ya kumbukumbu mwaka ule ule, akaiacha, akairudia, akaiacha tena. Mwanzoni ilikuwa na Peter amelala na wazazi pembeni. Hatimaye Peter akaondoka kwenye kazi hiyo, wakabaki wazazi wawili tu: baba amepiga magoti akijikumbatia mwenyewe, mama amepiga magoti ameinama. Walikamilika na kuwekwa kwenye makaburi ya Ubelgiji mwaka 1932. Miaka 18, umri ule ule Peter alioishi.

Vita hivyo vilipiganwa pia huku kwetu, wakati huo tukiwa koloni la Wajerumani. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na wengi wa wapagazi hawakurudi makwao. Ukipita pale kwenye Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, utamwona askari ameinamisha bunduki yenye singe. Mama yake hayupo. Kwenye sanamu ya Käthe ni kinyume: askari hayupo, wapo waliobaki.

Upande wa chapa alishindwa kwa miaka. Alitaka kusema jambo kuhusu vita, akajaribu bati, akajaribu jiwe, vyote vikawa laini mno. Juni 1920 aliona kwenye maonesho chapa za mbao za Ernst Barlach, zikampiga. Kwenye mbao hakuna kivuli cha kijivu wala mstari wa kubembeleza. Unachukua patasi, unaondoa. Ulichoondoa kinabaki cheupe, ulichoacha kinakuwa cheusi. Ni hivyo tu. Kwa mtu aliyekuwa na jambo moja la kusema, ilitosha.

Kati ya mwaka 1921 na 1922 alichonga picha saba zinazoitwa Vita. Hakuna hata moja yenye uwanja wa mapigano. Ya kwanza ni mama asiye na nguo anayemwinua mtoto wake mchanga kama anayemtoa sadaka, amefumba macho. Ya pili ni vijana wanaokwenda kujitolea, midomo wazi, wakiongozwa na Mauti anayepiga ngoma, na aliye karibu zaidi na Mauti ni Peter. Ya tatu ni wazazi wawili waliogandamana hadi wamekuwa donge moja jeusi. Ukiitazama kwenye simu itabidi uikuze ndipo uone mkono wa nani ni upi. Zimo pia picha mbili za wajane. Ya sita ni akina mama waliokumbatiana kwa duara, na katikati ya sketi na mikono wanachungulia watoto.

Zile mbili za kwanza ziweke pamoja. Mama anayetoa mtoto, kisha mtoto anayekwenda. Hiyo ni ile siku ya Agosti alipomwomba Karl. Alijichonga hapo mwenyewe, na akaichapa picha hiyo nakala nyingi watu waione.

Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye Chuo cha Sanaa cha Prussia. Mara nyingi alifanya mabango ya bure au ya bei ndogo kwa wenye kampeni za chakula na afya. Bango lake la wakati wa mfumuko mkubwa wa bei, kati ya 1923 na 1924, lina watoto tu walioinua mabakuli matupu, macho juu, wakimtazama mtu mzima asiyeonekana. Mtu huyo ni wewe unayetazama. Jingine la 1924, linaloitwa Mkate!, lina mama aliyewapa mgongo watoto wawili wanaomvuta nguo, mmoja analia. Amejificha uso ili wasimwone. Nadhani hapo alikuwa anamkumbuka mama yake na bakuli la supu.

Mbegu

Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933 walimlazimisha kujiuzulu chuoni. Mwaka 1936 polisi wa siri walimhoji nyumbani na kumtishia kambi ya mateso. Karl alifariki mwaka 1940. Novemba 1943 nyumba yao, ile yenye ngazi na benchi, ilipigwa bomu, na picha nyingi zikateketea. Yeye alikuwa ameshahamishwa kutoka Berlin. Alifariki Aprili 22, 1945 huko Moritzburg, siku 16 kabla vita havijaisha Ulaya.

Hans alikuwa amempa mwanawe wa kwanza jina la mdogo wake, Peter. Peter huyo naye alikua, akavaa sare, akapelekwa Urusi. Aliuawa mwaka 1942.

Kazi za Käthe zimewekwa kwenye makumbusho yenye jina lake, Köln na Berlin, na nyingi unaweza kuzitazama bure kwenye tovuti zao. Ukitaka kumwonyesha mtoto, mimi nisingeanza na ile ya 1903. Ningeanza na chapa yake ya mwisho ya jiwe, aliyoieleza kwenye shajara Desemba 1941, miezi kadhaa kabla ya kifo cha mjukuu. Inaitwa Mbegu Hazipaswi Kusagwa, na mtu yeyote aliyekulia kijijini haitaji tafsiri: njaa iwe kali vipi, lile debe la mbegu lililoning'inizwa juu ya moshi wa jiko halipelekwi mashineni.

Ni bibi mzee mwenye mikono mikubwa. Ameitandaza juu ya wavulana watatu kama kuku anavyofunika vifaranga. Käthe aliandika kwamba vijana hao wanataka kutoka, lakini bibi anawazuia: kwa sasa pigianeni humu humu, mkikua mtajiandaa kwa maisha na si kwa vita. Uso wake umekaza, anatazama mbali. Wavulana hawaogopi kabisa. Macho yamewatoka, wanachungulia chini ya kwapa lake kama watoto wowote waliofungiwa ndani siku ya mvua, wakitafuta upenyo.